Pipa la Firmin

Hospitali ya Lons, 16 Septemba 1964

Mjukuu wangu Solange,

Nimeanguka. Usilie, nimeshaanguka, kulia hakutaniinua. Ngazi ya ghala la chini ilikuwa na maji, mimi nilikuwa na kapu mkononi, na nyonga ya kushoto imevunjika. Daktari ni kijana, mikono yake baridi, anasema nitalala hapa mpaka mwaka mpya. Nimemwuliza kama na mizabibu yangu nayo italala mpaka mwaka mpya. Kacheka. Hakujua kwamba nilikuwa nauliza.

Sista wa wodi anasema mwandiko wangu ni kama kuku kachakura. Mimi herufi nilizisoma kwenye mapipa, zile chaki za babu yako, kwa hiyo ukiona naandika makubwa makubwa vumilia.

Zabibu nyekundu watanivunia watu wa ushirika. Savagnin, ile nyeupe yetu ya kuchelewa, haivunwi mpaka mwisho wa Oktoba, hiyo hainiumizi kichwa. Kinachoniumiza kichwa ni ghala. Ulysse Marmier kashakuja hapa na keki. Jirani ambaye hajawahi kunipa hata yai la kuku mgonjwa, leo keki. Anataka nimwuzie mashamba na ghala na kila kilichomo. Nimemwambia jibu atalipata Januari, sikukuu ya Mtakatifu Vincent, mbele ya wakulima wote, kama tunavyomaliza mambo siku zote. Damu yangu umebaki wewe tu. Ukirudi na mtu wa kukaa na mizabibu, vyote ni vyako. Usiporudi nitauza, na sitakununia. Nitakununia kidogo.

Na humo ndani kuna pipa la baba yako, unalijua. Mavuno ya hamsini na nane, ya mwisho ya Firmin kabla trekta haijamlalia. Januari linatimiza miaka sita na miezi mitatu, ndipo tunalifungua. Atakayechukua ghala ndiye atakayelichota siku hiyo na kutuonjesha. Hilo ndilo ninalolingoja hapa kitandani. Wao wanadhani ni dawa zao zinazoniweka hai.

Kula vizuri. Picha uliyonitumia shingo yako imekuwa kama ya bata.

Bibi yako,
Léocadie


Bordeaux, 27 Septemba 1964

Bibi, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Ningekuja leo, lakini tajiri wangu wa Lyon amenipa mpaka mwaka mpya kumaliza kijitabu chake, kile cha kuwafundisha wahudumu wa hoteli, ili mtu ajue anachokimimina. Anataka kila jimbo nilione kwa macho. Nikiacha sasa, ananiachisha.

Hapa Bordeaux wanachanganya. Hakuna aibu ndani yake, ndiyo kazi yenyewe. Upande wa kushoto wa mto, kwenye kokoto, wanaitegemea Cabernet Sauvignon, ngumu, yenye uchungu ujanani, inayotaka kungojwa. Upande wa kulia, kwenye udongo mzito, ni Merlot, laini, inayokukubalia mapema. Moja inakuwa mifupa, nyingine nyama. Nimeliandika hivyo kwenye kijitabu, nadhani utaniambia ni upuuzi.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mtu. Anaitwa Anselme Bazerolle, wa Meursault huko Burgundi, na kwao wamekuwa watu wa maghala tangu babu wa babu. Tulijuana majira ya baridi yaliyopita. Tunataka kuoana masika, na nilikuwa natafuta namna nzuri ya kukwambia, sasa nyonga yako imenimalizia namna. Anaweza kuja kukaa ghalani mpaka Januari. Anatamani kuwa na mizabibu yake, kwao kaka zake wamegawana yote. Mpe nafasi umwone.

Mjukuu wako,
Solange


Hospitali ya Lons, 3 Oktoba 1964

Mjukuu wangu Solange,

Marahaba. Mifupa na nyama ni upuuzi, lakini umeeleweka.

Kwa hiyo mtu mwenyewe ni Mburgundi. Sikulala kwa furaha. Wana zabibu mbili tu, Pinot Noir ya mvinyo mwekundu na Chardonnay ya mweupe, na wanazitaja kama wengine wanavyotaja watoto waliosoma. Kila kiwanja chenye ukubwa wa kitambaa cha meza kina jina lake na ukuta wake. Na hao wanaoishi kusini yao, wa Beaujolais, wana Gamay, wanaunywa kabla haujapoa, angalau wanacheka. Mburgundi hacheki akiwa na glasi.

Lakini mimi nimelala chali na wewe umeshampenda, tutafanyaje. Aje. Ufunguo uko kwa Hortense, yule jirani yangu wa ng'ambo ya kisima. Asiguse mkate wa paka. Mapipa ayatunze kama ya baba yake. Kama kweli kazaliwa ghalani hahitaji bibi wa kumshika mkono.

Najua mabibi wengine wakisikia mjukuu kapata mchumba huanza utani siku hiyo hiyo, mume wetu huyo, mume wetu yule. Mimi simwiti mtu mume wetu mpaka nijue anafungaje mlango wa ghala.

Nimekutumia jibini kwa basi la Jumanne. Usiwape watu wa Bordeaux, wataliwekea maua.

Bibi yako,
Léocadie


Vaux-les-Noyers, 18 Oktoba 1964

Solange wangu,

Nimefika, nimelala, nimeamka. Nyumba ya bibi yako inanukia kokwa za jozi na moshi, na paka ananitazama kama mtoza ushuru. Mama Hortense alinipa ufunguo baada ya kuniuliza kama kweli kwetu tunakula konokono na ganda lake.

Ghalani nilishuka siku ileile. Nadhani bibi alikuwa hajiwezi muda mrefu kabla ya kuanguka, ila hakutaka mtu ajue. Mapipa ya mbele ni mazuri, yamejaa. Ya nyuma yana kiu ya kutia huruma. Lile lenye jina la baba yako kwa chaki nililigonga likalia kama ndoo. Limepungua zaidi ya theluthi. Nikafungua kizibo, nikamulika kwa mshumaa, nikaona juu ya mvinyo ngozi ya kijivu, imekunjamana kama maziwa yaliyopoa. Niliona haya kwa niaba yake. Wewe unamjua baba yangu: pipa likipungua upana wa kidole hakai mezani mpaka alijaze, maana hewa ndiyo adui.

Basi nikachukua Chardonnay safi ya mwaka jana kutoka pipa la mlangoni, nikajaza polepole mpaka mdomoni. Ile ngozi ikapanda na mvinyo, nikaitoa yote kwa kitambaa safi. Kazi ya kutwa. Sasa limejaa pomoni. Mawili yaliyo kando yake nitayajaza wiki ijayo, mikono imechoka.

Sijamwandikia bibi yako. Nataka Januari alikute lilivyo, afurahi mwenyewe. Alisema niyatunze kama ya baba yangu, na ndivyo nilivyofanya.

Wako,
Anselme


Tours, 20 Oktoba 1964
(kwa barua ya haraka)

Anselme,

Weka karatasi hii mezani. Nenda kafunge mlango wa ghala, kisha urudi usome.

Usiguse pipa lingine. Yale mawili yaache kama yalivyo, yakilia kama ndoo, yakilia kama kengele, yaache.

Ile ngozi ndiyo mvinyo wetu. Tunaiita utando. Kila mahali nilikopita katika nchi hii wanajaza mapipa, Bordeaux wanajaza, hapa kando ya mto Loire wanajaza, kwenu mnajaza kuliko wote. Sisi peke yetu, kwenye huu ukingo wetu wa mlima, tunatia Savagnin pipani, tunaziba, halafu tunaliacha lipungue. Chachu inapanda juu, inatanda, inakuwa blanketi kati ya mvinyo na hewa, na chini yake mvinyo unageuka njano na kupata ladha ya jozi. Miaka sita na miezi mitatu hakuna mkono unaoruhusiwa. Baba alilifunga lile pipa, na tangu siku hiyo halikuguswa na mtu mpaka ulipokuja wewe na kitambaa chako safi.

Nimeandika kurasa arobaini za kuwaeleza wahudumu wa hoteli mvinyo wa Ufaransa nzima, na sikukumbuka kukuambia neno moja la nyumbani. Kwetu haliambiwi mtu. Ni kama kumwambia mtu asimwage supu kitandani.

Bibi asijue. Nisikilize vizuri. Akijua, atamwuzia Ulysse kesho yake, na wewe hatakutazama usoni maisha yake yote yaliyobaki, na mimi nitalazimika kuchagua. Usimwandikie. Ukiulizwa, lipo salama. Januari ikifika tutaona la kusema.

Sikulaumu. Najaribu kutokulaumu.

Solange


Hospitali ya Lons, 6 Novemba 1964

Mjukuu wangu Solange,

Barua yako ya Loire nimeipata. Kwa hiyo mdomoni mwa mto wanakunywa Muscadet na chaza, na juu kabisa kule wana Sauvignon yenye harufu ya majani, na katikati ni hiyo Chenin, ambayo mwaka huu inakuwa kavu, mwaka kesho tamu, mwaka wa tatu inatoa mapovu. Nilikuwa na mjomba wa namna hiyo. Hakuna aliyemwazima farasi.

Savagnin imevunwa. Hortense kaja kunitembelea, anasema Mburgundi wako alibeba makapu kutoka kule juu kwenye mteremko ambako hata punda wa Ulysse hukataa, na kwamba anaimba vibaya na kufanya kazi vizuri. Anafunga mlango wa ghala kwa ufunguo mara mbili. Hilo la mara mbili limenipendeza. Nimeanza kumfumia soksi, lakini usimwambie, zinaweza zikageuka kuwa za mtu mwingine.

Ulysse alileta keki nyingine. Nimempa mgonjwa wa kitanda cha pili, leo anaumwa tumbo.

Neno moja tu. Mwambie Anselme aligonge pipa la Firmin, kwa kifundo cha kidole, pale juu karibu na kizibo, halafu mniandikie linaliaje. Nimekuwa nikishuka kulisikiliza kila Jumapili baada ya misa. Hapa nasikia mikokoteni ya chakula tu.

Bibi yako,
Léocadie


Colmar, 12 Novemba 1964

Bibi, shikamoo.

Nimefika Alsasi, ambako wana adabu iliyoishinda Ufaransa iliyobaki: wanaandika jina la zabibu kwenye chupa. Mahali pengine mnywaji anatakiwa ajue kwamba jina la kijiji fulani maana yake ni zabibu fulani, na asipojua anachekwa. Hapa imeandikwa Riesling, basi ni Riesling, nyeupe, iliyonyooka, yenye uchachu mzuri. Imeandikwa Gewurztraminer, basi ni ile yenye harufu ya waridi ambayo mtu anainusa hata kabla ya kufungua mlango. Watu wa hapa wanasema hiyo na Savagnin yetu ni ndugu, zimetoka tumbo moja, mmoja akajipaka manukato na mwingine akakaa mlimani na kununa. Nilidhani utapenda hilo. Chupa zao ni ndefu na nyembamba. Wanakula kabichi chachu na nyama ya nguruwe, na mvua hainyeshi sana kwa sababu mlima unawakinga.

Anselme kaligonga pipa la Baba. Linalia kama ngoma, tupu juu, kama unavyolitaka. Lipo salama.

Wiki ijayo nakwenda kusini kwenye Rhône. Sehemu ya juu ya mto ni Syrah peke yake, nyeusi, ya pilipili, kwenye miteremko ambayo watu wanapanda kwa kamba. Chini kwenye joto ni Grenache na jamaa zake wengi, mvinyo wenye jua ndani yake. Nitakuandikia yote. Hapa nimenunua kitambaa cha meza.

Mjukuu wako,
Solange


Vaux-les-Noyers, 12 Novemba 1964

Bibi Léocadie, shikamoo.

Naitwa Anselme Bazerolle. Hatujawahi kuonana. Solange hajui kwamba nakuandikia, na hajui haya ninayoyasema.

Solange kaniandikia kwamba umeuliza pipa la marehemu mwanao linaliaje. Halilii. Limejaa. Nililijaza mimi, kwa Chardonnay yako ya mwaka jana, siku niliyofika, na utando nikauondoa kwa kitambaa nikidhani ni uchafu. Nilikuwa nimefurahi sana nikifanya. Baadaye wazee wa hapa kijijini walinieleza utando ni nini.

Mapipa mawili ya pembeni sijayagusa, na la mavuno ya mwaka huu limefungwa kama wazee walivyoelekeza. Nimefikiri kuchota mvinyo nilioutia, lakini umeshaingiana, hauwezi kujulikana upi ni upi. Nimefikiri pia kuondoka. Naona nikiondoka ghala halitakuwa na mtu, na wewe umelala, kwa hiyo nitakaa mpaka utakaporudi, halafu utaniambia nipite mlango upi.

Solange usimhesabie kosa. Yeye hakuwepo.

Samahani ni neno dogo kwa jambo hili, lakini sina lingine.

Anselme Bazerolle


Épernay, 20 Desemba 1964

Bibi, shikamoo.

Hii ni barua ya nne bila jibu. Nimempigia simu Sista wa wodi, anasema unatembea kwa magongo, unakula, na umemkemea padri. Kwa hiyo u mzima, na hutaki tu kuniandikia.

Nipo kwenye jimbo la shampeni. Ni baridi, udongo ni mweupe wa chaki, maghala yamechimbwa chini sana na watu wanazungusha chupa kidogo kidogo kwa mikono, kila siku, ili mashapo yashuke shingoni. Zabibu ni tatu, Pinot Noir na nduguye Meunier, ambazo ni nyeusi, na Chardonnay ambayo ni nyeupe. Wanazikamua zile nyeusi upesi kabla ganda halijatia rangi, ndipo mvinyo unatoka mweupe. Kijitabu kimekwisha. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Anselme kaniambia ulimpelekea kifurushi. Soksi, jozi mbili, za sufu ya kijivu, bila barua. Amezitandaza mezani na hajazivaa. Ananiuliza mimi maana yake ni nini, na mimi sijui. Kwetu mtu anayefukuzwa hupewa soksi za njiani, na mtu anayekaribishwa pia hupewa soksi. Tuambie ni zipi.

Kama kuna kitu umekisikia, niulize mimi.

Solange


Vaux-les-Noyers, 24 Januari 1965

Mjukuu wangu Solange,

Hukuja sikukuu. Anselme alisema una mafua. Mtu huyo akisema uongo masikio yanaiva kama zabibu zetu nyekundu za Poulsard, kwa hiyo nimeelewa kwamba huna mafua, una woga. Nakueleza ilivyokuwa, halafu utajua mwenyewe kama woga wako ulikuwa na kazi.

Kwanza barua zenu. Yake na yako zilifika siku moja, mkononi mwa mtu yuleyule wa posta. Nilifungua ya Anselme kwanza kwa sababu mwandiko sikuujua. Halafu nikafungua yako. Linalia kama ngoma, umeandika. Anasema wewe hujui kitu, kaambiwa na wazee wa kijiji. Wazee wa kijiji hiki wangejua jambo kama hilo, Ulysse angekuja kuliimba dirishani kwangu. Aliyemwambia ni wewe. Siku hiyo sikula. Kesho yake nikala, kwa sababu ilikuwa supu ya vitunguu.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa kibaya, na mimi siandiki haraka. Mpaka nimalize mstari hasira ilikuwa imeshapoa na mstari hauna maana tena. Nilichoma karatasi nyingi. Soksi zilikuwa soksi. Ghala lina baridi.

Wiki moja kabla ya sikukuu walinileta nyumbani. Anselme alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi, tayari kwenda. Nikamwambia alitundike, anishushe ghalani. Nilishuka kwa makalio, ngazi moja moja, yeye mbele yangu ili nikianguka nimwangukie. Nikaligonga pipa la Firmin mwenyewe. Halikusema kitu. Tukakaa pale kidogo, mimi na yeye na paka. Sikumsema. Alikuwa amekonda kuliko wewe.

Siku ya Mtakatifu Vincent, baada ya misa na kuizungusha sanamu ya mtakatifu kwenye theluji, wakulima wote walikuja ghalani kama nilivyoahidi. Ulysse alivaa suti. Alikuja na mwanawe apime milango, nadhani. Nikamwambia Anselme achote pipa la Firmin awape watu wote. Rangi ilikuwa karibu sawa. Nikaonja. Jozi ipo, inakuja mpaka mlangoni, halafu inasimama, na nyuma yake anaingia yule Chardonnay, msichana mwema asiye na la kusema. Huo si mvinyo wa njano, Solange. Siwezi kuutia kwenye zile chupa zetu fupi na kuuita jina lake. Firmin yumo, lakini ni kama anaongea akiwa chumba cha pili.

Kila mtu akawa anatazama glasi yake. Ulysse akatema, akacheka, akasema mbele ya wote, "Mama Léocadie, huyu Mburgundi kakubatizia mwanao."

Nikamwambia, "Basi kabatizwa mara mbili. Wewe ile moja uliyopewa haijakushika mpaka leo."

Hapo Anselme akavua kofia. Nilikuwa sijamwambia afanye lolote, ningeweza kusema pipa lilivuja, watu wangekubali, ni mwanamke mzee anayesema. Akasimama katikati akasema, "Ni mimi. Nililijaza mimi. Bibi hana kosa."

Nikamwuliza, "Nani alikwambia ulijaze?"

Akanitazama, masikio hayakubadilika rangi, akasema, "Wewe, Bibi. Ulisema niyatunze kama ya baba yangu."

Halafu Hortense akaanza, kule nyuma, unamjua akicheka anavyokoroma, na ghala zima likafuata. Nilicheka mpaka nyonga ikanikumbusha. Kweli niliandika hivyo. Ningemwandikia mtu wa hapa, ningekuwa sijakosea.

Nikamwambia Ulysse avae kofia yake, jibu langu ni hapana, keki zilikuwa kavu.

Sasa wewe. Nimekasirika, na si kwa sababu ya pipa. Pipa lilishikwa na mtu asiyejua, akasema. Wewe ulijua, ukaandika. Niliichunguza barua yako kama mkono ulitetemeka pale kwenye ngoma. Haukutetemeka, herufi zimenyooka kama za mwalimu. Hapo ndipo niliposikia maumivu. Ulidhani nalipenda pipa kuliko wewe. Nilimzika babu yako, nikamzika baba yako, nikabaki na wewe na mbao za mwaloni zenye mvinyo ndani, na ukafikiri ukinipokonya mbao nitakutupa na wewe. Ningekuwa na miguu miwili ningekuja Épernay kukupiga kwa gongo mbele ya hao wazungusha chupa. Usiniogope tena. Nikinuna nikaribie.

Pipa la Firmin tutalimaliza harusini, lote, kwa majagi. Nimelifikiri sana. Firmin mwenyewe hakuweza kuona glasi ya mtu imepungua, alikuwa anajaza hata za watu wanaolala. Acha wamnywe kwa namna hiyo.

Savagnin aliyoibeba Anselme mgongoni ipo pipani, kule mwisho, penye giza. Juzi utando ulikuwa bado. Leo ameniita nikaone: umeanza, mwembamba, kama pumzi kwenye kioo. Hakuligusa hata kwa kucha. Ameandika juu yake kwa chaki, herufi kubwa kama zangu, LISIGUSWE, na chini yake ameandika, HATA NA MIMI. Litafunguliwa Januari ya sabini na moja. Nimemwambia daktari nyonga aliyoniunga nitaihitaji mpaka siku hiyo, baada ya hapo anaweza kuichukua.

Njoo na kijitabu chako. Utanisomea majimbo yote, na tukifika kwetu nitakwambia ulichosahau kuandika. Ufunguo simpi mtu mwingine tena, upo mfukoni mwa koti la Anselme. Ukifika na treni ya jioni bisha kwa nguvu, mume wetu akiwa chini hasikii kitu.

Mke mwenzako,
Léocadie